Shamba la Marehemu na Dhahabu ya Mwenye Shamba



Umaskini wa mwanamke wa kijijini katika mikoa ya Shinyanga na Geita huelezwa mara nyingi kuwa ni uhaba wa mtaji, ilhali mwanamke huyo hulima pamba na mpunga, hutafuta kuni na, mvua zinapokatika, huenda machimboni kuponda mawe. Anachokosa si kazi, bali haki juu ya ardhi anayoitolea jasho.

Chanzo kimojawapo cha kukosa haki hiyo kimeandikwa. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, yaani tangazo la serikali lililozipa mila za urithi nguvu ya kisheria, linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba atatunzwa na watoto wake, kana kwamba kila mjane huachiwa watoto wazima. Wajane wawili walionyimwa urithi kwa mila za Kisukuma walilipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi lakini haikuzifuta, na mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya utaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kuwa haki zao zimevunjwa.

Penye dhahabu hasara huwa kubwa zaidi, kwa sababu mawe yanayotoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, na mara nyingi mwenye shamba naye hupata mgawo bila kushika nyundo. Shamba likishachukuliwa na shemeji, mgawo ni wa shemeji, na mjane hubaki mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, akichanganya zebaki kwa mikono mitupu. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, ni jambo jema, ila humfaa aliye na dhahabu ya kuuza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke. Wenyeviti na watendaji wa vijiji waliopo hapa wanaombwa, kila wanapopokea ombi lenye jina la mume peke yake, waulize jina la mke kabla ya kugonga muhuri, mume mwenyewe angali hai na anaweza kujibu.