Kilichokosekana Mikobani



Katika safari yetu ya baharini, meli ilitia nanga Cádiz, kusini mwa Hispania. Tuliambiwa kwamba tuna siku moja tu, na kwamba jioni meli haitamngoja mtu. Tukaondoka alfajiri kwa gari kwenda Sevilla, mji wa kale ulio kando ya mto Guadalquivir.

Macho yetu yalishiba. Katika kanisa kuu tuliona kaburi la Christopher Columbus na madhabahu kubwa ya mbao iliyopambwa kwa dhahabu. Tukapanda Giralda, mnara uliojengwa katika karne ya 12 kuwa mnara wa msikiti. Tukapiga picha nyingi.

Mchana tulivuka daraja mpaka mtaa wa Triana. Huko, chini ya soko, yapo mabaki ya ngome ya San Jorge. Tangu mwaka 1481 ngome hiyo ilitumiwa na baraza lililowahukumu watu walioitwa wazushi, nalo lilikuwa na gereza humo.

Mwaka 1557 mtu mmoja, Julián Hernández, aliyeitwa Julianillo, yaani Julián mdogo, alileta Sevilla kwa siri Agano Jipya la Kihispania lililopigwa chapa Geneva. Siku zile jambo hilo lilikatazwa. Alikamatwa, akafungwa karibu miaka mitatu, na tarehe 22 Desemba 1560 akachomwa moto. Mwaka huo wa 1557 watawa kadhaa wa nyumba ya San Isidoro del Campo, karibu na mji, walikimbia. Mmoja wao, Casiodoro de Reina, aliitafsiri Biblia nzima, ikapigwa chapa Basel, Uswisi, mwaka 1569. Tafsiri hiyo, iliyosahihishwa mara nyingi, ingali inasomwa.

Hatusimulii haya ili tuwachukie ndugu wa dhehebu lingine. Nyakati zile zimepita, na leo Wakatoliki nao wanaisoma Biblia kwa lugha zao.

Tuliposimama mbele ya kuta zile, mmoja wetu alisema, "Tusome Neno kidogo, kisha tuombe." Tukafungua mikoba. Tukakuta kamera, miwani ya jua, mikate, chupa za maji na ramani ya mji. Biblia haikuwamo hata moja. Zote tulikuwa tumeziacha melini, na wengine wetu hatukuwa tumezifungua tangu safari ianze. Tukajaribu kusema Zaburi moja kwa moyo, lakini baada ya mistari mitatu tukakwama. Tuliona haya kuu.

Mpenzi msikilizaji, Biblia yako iko wapi asubuhi hii? Hakuna askari anayeitafuta. Lakini huenda imelala kabatini, ikingoja Jumapili. Jambo ambalo baraza lile lilishindwa kulifanya kwa moto, sisi twaweza kulifanya kwa uvivu, kimya kimya, nyumbani mwetu. Paulo, akiwa katika minyororo, alimhakikishia Timotheo kwamba pingu zilimshika yeye tu, wala si ujumbe wa Mungu. Basi tusiufunge sisi.

Jioni ile melini tuliisoma Zaburi ile mpaka mwisho. Fungua yako leo, kabla hujatoka kwenda kazini.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kulidharau Neno lako ambalo wengine walilifia. Utupe njaa ya kulisoma kila siku. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.