Fainali Ilipopanda Ufipa

Mara mbili ndani ya miezi mitatu ya mwaka 2020, Simba walipanda uwanda wa juu wa Ufipa kucheza mpira. Tarehe 2 Agosti waliifunga Namungo 2-1 katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, mkoani Rukwa, wakashuka na Kombe la Shirikisho la Azam. Tarehe 22 Oktoba walirudi uwanja ule ule kwa mechi ya ligi na kupoteza 1-0 mbele ya Tanzania Prisons, kwa bao la Samson Mbangula. Siku ya mwisho ya mwaka ikawa zamu ya Yanga, nao wakatoka sare ya 1-1 na Prisons hao hao.

Mkazi wa Sumbawanga aliyeshuhudia mechi zote tatu aliona vigogo wa soka la nchi bila kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenda Dar es Salaam. Hakuona timu ya kwao. Namungo ilitoka Ruangwa, mkoani Lindi. Prisons ni ya Mbeya, na msimu ule iliufanya Nelson Mandela kuwa uwanja wake wa nyumbani. Mji ulitoa nyasi, majukwaa na sauti. Wachezaji walikuja na mabasi. Sosholojia ya michezo inapoulizwa ina kazi gani Tanzania, ianzie hapo: kwa nini mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.5 unawashangilia wageni pande zote mbili?

Jibu la haraka husema Rukwa haina vipaji, au haina mwamko. Jibu hilo halisimami mbele ya yeyote aliyepita vijijini baada ya mavuno. Mahindi yakishaingia ghalani, kuanzia Juni hivi, baridi ikiwa kali na vumbi limeamka, karibu kila kijiji kina ndondo, mashindano ya mpira ya mtaani. Mshindi hupata mbuzi, au jezi na mpira kutoka kwa diwani au mfanyabiashara wa nafaka. Watu hutembea mwendo mrefu kwenda kutazama, na hujua ni kijana yupi wa kijiji cha jirani anayepiga mguu wa kushoto.

Sababu iko kwenye mshahara. Ukiitazama orodha ya timu ambazo kwa miaka mingi zimejaza ligi kuu nje ya Kariakoo, kwa Simba na Yanga, unaona waajiri: Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, viwanda vya sukari vya Mtibwa na Kagera. Timu ilikaa palipo na taasisi inayolipa watu mwisho wa mwezi, yenye basi, bweni na zahanati. Mchezaji alikuwa askari au mfanyakazi. Goti likiumia, hakurudi nyumbani mikono mitupu. Ufipa ni nchi ya mkulima mdogo. Rukwa ni mmoja wa mikoa inayolisha taifa, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Sumbawanga, lakini gunia la mahindi huondoka likiwa ghafi na thamani yake kubwa huonekana kwingine. Kijana mwenye mguu wa kushoto huondoka kwa barabara hiyo hiyo, kupitia Laela hadi Tunduma, kisha Mbeya.

Ndiyo maana mapenzi ya mpira mjini Sumbawanga yameelekezwa Kariakoo. Yanga ilizaliwa 1935 na Simba 1936, klabu za mji wa bandari. Nusu karne iliyopita, mwaka 1975, mwanahistoria Terence Ranger alichapisha kitabu kuhusu ngoma ya beni, akaonyesha jinsi makundi hasimu ya Marini na Arinoti yalivyosambaa Afrika Mashariki na kumpa mgeni wa mji watu wa kumpokea, kumzika na kumtetea. Simba na Yanga hufanya kazi inayofanana nayo. Mwalimu kutoka Mara anayehamishiwa Sumbawanga hapati ndugu stendi, ila jioni ya kwanza akiingia kwenye kibanda umiza na kulipa shilingi mia tano, tayari ana upande, ana watani, na kesho yake sokoni ataitwa kwa jina la timu yake. Huo ni uraia wa namna yake, na ni wa thamani. Taifa lenye makabila zaidi ya 120 limepata mgawanyiko ambao haufuati kabila wala dini, na watu wake wanaweza kutaniana hadharani bila kuogopana.

Norbert Elias, mwanasosholojia aliyefundisha Ghana mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika pamoja na Eric Dunning kwamba mchezo huwapa watu wa jamii tulivu nafasi ya kusisimka bila damu kumwagika. Hoja hiyo inakaa vizuri Ufipa, lakini ina pengo. Msisimko wa watu hauoneshi nani anamiliki kinachowasisimua. Anayelipa kiingilio cha kibanda, anayeweka mkeka wa kubeti, anayenunua jezi ya msimu, wote wanapeleka fedha nje ya uwanda, na hakuna barabara inayoirudisha.

Wasichana wako mbali zaidi. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, wamecheza fainali za Afrika mwaka 2010 na tena miaka ya karibuni. Lakini ndondo huchezwa jioni, na jioni kijijini ni saa ya maji, kuni na ugali. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, humfungulia msichana uwanja akiwa shuleni. Akimaliza shule, uwanja unafungwa.

Fainali ya Kombe la Shirikisho imeendelea na safari zake. Kabla ya Sumbawanga ilikuwa Dodoma, Arusha na Lindi. Baadaye ikaenda Kigoma, Tanga na Zanzibar. Kuizungusha nchini ni jambo jema. Imewapa watu wa pembezoni siku ambayo redio na televisheni ya nchi nzima ilitaja mji wao kwa furaha. Ila fainali hukaa siku moja.

Mfano wa kukaa uko jirani. Mwaka 2011 Halmashauri ya Jiji la Mbeya ilianzisha Mbeya City, na katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu, 2013/14, timu hiyo ilimaliza nafasi ya tatu. Kinondoni ina KMC, Dodoma ina Dodoma Jiji. Hazikusubiri kiwanda, mwajiri alikuwa halmashauri. Sumbawanga ni manispaa, na kila msimu wa mavuno halmashauri za Rukwa hukusanya ushuru wa mazao kwenye vizuizi vya barabarani. Sehemu ndogo ya ushuru huo, ikipangwa wazi kwenye bajeti na kukaguliwa kama fedha nyingine, inatosha kuanza na mambo matatu: kocha mwenye cheti kwa kila wilaya, ligi ya vijana na ya wasichana inayofuata kalenda ya kilimo, na kikosi kimoja cha mkoa chenye mikataba. Nelson Mandela tayari upo, na mbegu za wachezaji ziko kwenye ndondo za vijijini, Juni hadi Septemba, kabla mvua hazijawarudisha wote shambani.