Mto Rufiji na Dari za Mji Mkongwe
Mada iliyosomwa mbele ya semina ya tarikhi, Unguja

Naomba ruhusa nizungumzie mto usiopita katika kisiwa hiki wala kuonekana kutoka Forodhani, ambao hata hivyo una haki kubwa juu ya nyumba zetu, nao ni Rufiji.

Wanaoandika tarikhi ya Mji Mkongwe aghalabu huielekea bahari; hutaja kaskazi na kusi, Maskati na Bombay, karafuu na pembe, na wakigeukia Bara huiona kuwa ni njia ya misafara tu. Rai yangu ni kwamba habari hiyo ina pengo. Nyumba ya mawe ya Unguja haisimami kwa mawe na chokaa peke yake, bali sakafu zake hubebwa na boriti. Na ikiwa vyumba vyake ni virefu na vyembamba, si kwa kuwa mwashi alipenda hivyo, bali kwa kuwa upana wa chumba ulilazimika kutoshana na urefu wa mti wa mkoko uwezao kustahimili uzito ule, yaani kiasi cha mita tatu hivi. Baadhi ya miti ilitoka Lamu, na mingine katika hori zetu wenyewe, lakini hazina kubwa ya mikoko katika pwani hii yote ilikuwa, na ingali, katika delta ya Rufiji.

Mto huo huanza kuitwa kwa jina hilo pale Kilombero na Luwegu zikutanapo, kisha hupokea Ruaha Mkuu, na bonde lake lote hukusanya maji ya kiasi cha sehemu moja katika tano za ardhi ya Tanzania Bara. Ukisha kupita korongo lililopewa jina la Stiegler, Mswisi aliyeuawa na ndovu mwaka 1907, hutanda katika uwanda wa Utete na Ikwiriri, na mwisho hugawanyika ukaingia baharini kwa milango mingi, kama Simba Uranga, Kikunya na Msala, kuelekea Mafia, katikati ya mikoko ipatayo hekta 53,000. Wala haukubali kufungwa katika njia moja: mafuriko ya mwaka 1978 yaliugeuza mkondo wake mkuu kuelekea milango ya kaskazini, na wakulima wa mpunga wakayafuata maji matamu huko.

Wandengereko, Wanyagatwa na jamaa zao wengine waliijua tabia hiyo zamani, wakaifanya kuwa ndiyo kalenda yao. Mpunga ulipandwa kuyangojea mafuriko, na maji yalipopwa wakapanda mazao ya mlao juu ya tope jipya, huku wakilala katika madungu shambani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe na viboko. Serikali ilipowahamishia katika vijiji vya nyanda za juu baada ya mafuriko ya 1968, iliwaepusha na maji, lakini iliwatenga na tope lililowalisha. Na mimi naona hasara hiyo ya pili haijapata kuhesabiwa kwa haki.

Mtaalamu Felix Chami amefukua bondeni humo shanga za Kirumi, ushahidi kwamba biashara ya mbali ilifika huko karne nyingi kabla ya Mji Mkongwe kuwapo. Katika zama zilizo karibu nasi, majahazi ya Ghuba yaliyoshuka na kaskazi yaliingia milangoni kupakia boriti zilizohesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, kwa ajili ya nchi zisizo na miti. Alan Villiers, baharia wa Australia, alifuatana na mabaharia wa Kuwait hadi huko mwaka 1939, akaeleza taabu ya watu wanaokata miti ndani ya tope hadi magotini, katikati ya mbu na joto. Wakataji wa Rufiji, ambao majina yao hayakuandikwa popote, ndio walioziinua dari tunazolala chini yake.

Vita navyo viliziunganisha pande hizi mbili. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia Pegasus ya Waingereza hapa bandarini, ilipokuwa ikitengenezwa mitambo yake, ikaizamisha. Baadhi ya mabaharia waliouawa wamezikwa kisiwani Chapwani. Kisha Königsberg ikajificha Rufiji, na mikoko ikaisitiri kwa miezi mingi, hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Leo Bwawa la Julius Nyerere katika mto huo huo wa Rufiji, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, lina mitambo ya megawati 2,115, na umeme wa gridi ya Bara hutufikia Unguja kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Hiyo ni neema, na siikanushi. Lakini bwawa huzuia mchanga na tope, na mikoko husimama juu ya tope linaloletwa kila mwaka. Likipungua, bahari huila ardhi, na maji ya chumvi huingia mashambani.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mipaka yake ikaishia ufukweni. Kwa hiyo napendekeza kwamba kila nyumba inapokaguliwa kwa matengenezo, boriti zake ziandikwe ni za mti gani, mkoko, msinzi au mkandaa, na kwa kadiri iwezekanavyo zilitoka wapi. Na kwamba wazee wa Salale na Mbwera waliofanya kazi hiyo ya ukataji waalikwe katika baraza kama hili, ili habari za miti hiyo zisimuliwe na wanaoijua.