SIMU YA UPEPO NDANI YA MOTOKAA
Mazungumzo kwa wenyeji wa Ekalakala, Machakos



Nataka kusema nanyi kwa ufupi juu ya redio ya ridhaa ifungwayo ndani ya motokaa. Huitwa ya ridhaa kwa kuwa wenye kuitumia hufanya hivyo kwa kupenda elimu yake, pasipo mshahara wala biashara.

Huenda mtu akauliza, "Ya nini, nasi tuna simu za mkononi?" Jibu ni hili. Simu ya mkononi hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme. Mwaka 2024 mafuriko ya mto Tana yaliikata barabara ya Garissa karibu na Madogo. Siku kama hiyo, mnara nao ukizimika, mwenye mgonjwa garini atamwita nani? Redio hutumia betri ya gari lenyewe, ya volti 12, na sauti hutoka gari hadi gari.

Lakini fahamuni tabia yake. Mawimbi ya megahazi 144 hadi 146 huenda moja kwa moja kama nuru ya kurunzi, na kilima huyazuia. Basi aliye bondeni, karibu na bwawa la Masinga, asipige kelele bure. Na apande kwanza mahali palipoinuka. Mawimbi ya megahazi 7 hupanda juu angani, yakarudishwa chini mbali, hata Mombasa. Haya yapendelea waya wa mita 20 hivi, ambao hufungwa mtini gari likiisha kusimama.

Tena iko sheria. Mtumiaji sharti awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, pamoja na alama yake ya mwito, kama zile zianzazo kwa 5Z4. Hairuhusiwi kuuzia ng'ombe wala maembe kwa njia hii. Mwito wa dhiki ukisikika, wengine wote hunyamaza. Mwenye kuomba msaada ataje kwanza mahali alipo, kisha shida yake, kisha idadi ya watu. Naye dereva asishike kipaza sauti huku akiendesha. Aseme mwenziwe, au asimamishe gari.

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Akiba ya redio si chombo tu, ni ujuzi wa kukitumia. Vijana wawili watatu wakijifunza sasa, wakati wa kiangazi, mvua itawakuta tayari.