Nuru Ukutani

Tunapojenga kanisa twauliza, "Litaingia watu wangapi?" Ni mara chache twauliza, "Mwenye huzuni akiingia, moyo wake utapata nini?"

Huko Ibaraki, nchini Japani, Wakristo wachache wa Kiprotestanti, wenye fedha kidogo, walijengewa kanisa lililomalizika mwaka 1989. Aliyelichora ni Tadao Ando. Kuta ni za saruji isiyopakwa rangi. Viti ni vya mbao walizosimamia mafundi wakijenga. Ndani mna giza. Lakini ukuta wa mbele umekatwa mwanya wenye umbo la msalaba, na nuru ya jua huingia hapo. Pambo ni hilo tu.

Basi tusiyaonee haya mabati yetu. Tufagie, tufungue madirisha, tunyamaze kidogo, ili mwenye machozi apate mahali pa kuketi mbele za Mungu.