Datsun 240Z: Kipi cha Kiwandani, Kipi cha Gereji?

Wazee wetu waliosimama kando ya barabara za vumbi mwaka 1971 hawajalisahau gari jekundu lenye boneti nyeusi na namba 11 ubavuni. Ilikuwa Datsun 240Z, dereva wake Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller, nayo ilishinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao pia wakiwa katika 240Z. Mwaka 1973 Mehta akarudi, mara hii akiwa na Lofty Drews, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo.

Gari hilo la michezo lilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake ilikuwa dola 3,526. Mwaka 2020, huko huko Marekani, 240Z ya toleo la 1971 ilinunuliwa mnadani kwa dola 310,000. Bei hiyo haikutokana na marembo yaliyoongezwa. Gari lilikuwa limetembea maili 21,000 tu, na lilikuwa limebaki karibu kama lilivyotoka kiwandani.

Sasa, ndugu msikilizaji, penye fedha za namna hiyo hapakosi ujanja. Gari lililopigwa rangi juzi na kung'arishwa kila pembe huletwa sokoni kwa jina la "orijino". Swali la leo basi ni hili: mnunuzi atajuaje kipi kiliwekwa na kiwanda, na kipi kimetoka gereji?

Jambo la kwanza ni namba. Magari ya injini ya lita 2.4 yenye usukani kulia yalipewa namba ya chasisi inayoanza na herufi HS30, na yenye usukani kushoto HLS30. Namba hiyo imegongwa kwenye bati linalotenga injini na chumba cha abiria, na inaonekana tena kwenye kibao kilichomo ndani ya boneti. Kibao hicho huonyesha pia namba ya injini. Namba ya injini yenyewe, inayotanguliwa na L24, imegongwa upande wa kulia wa bloku, kwa nyuma, karibu na pale bloku inapokutana na silinda hedi. Namba hizi zikipatana, una mwanzo mzuri. Zisipopatana, injini imebadilishwa, hata kama inanguruma vizuri namna gani.

Herufi hizo chache zina uzito mkubwa. Nissan ilitengeneza kwa soko la Japani gari lililoitwa Fairlady Z432, kwa sababu injini yake ilikuwa na valvu nne kwa kila silinda, kabureta tatu na kemshafti mbili. Yalitengenezwa karibu 420 tu. Kwa nje linafanana sana na ndugu zake wa kawaida, lakini namba yake ya chasisi huanza na PS30. Mtu anaweza kununua nembo ya 432 akaibandika atakapo. Chasisi ya PS30 haibandikwi.

Jambo la pili ni wakati. Kiwanda kilikuwa kikibadilisha vitu kadiri miaka ilivyokwenda. Magari ya mwanzo yalikuwa na matundu mawili ya kutolea hewa kwenye mlango wa nyuma, na nembo ya "240Z" kwenye nguzo ya ubavuni. Katika mwaka 1971 matundu yakahamishiwa kwenye nguzo hizo, yakafunikwa kwa nembo ya duara yenye herufi Z. Hali kadhalika silinda hedi: za mwanzo zina alama E31, na za baadaye E88. Magari yaliyouzwa Marekani yana kibao kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinachotaja mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na mikanda ya siti nayo ina lebo zenye tarehe. Kwa hiyo ukikuta kibao kinasema 1972 na mlango wa nyuma una matundu mawili, mlango huo umetoka kwenye gari jingine. Uliza ule wa kwanza ulipatwa na nini.

Jambo la tatu huwakanganya hata wajuzi. Kitu kuwa cha zamani si sawa na kuwa cha kiwandani. Kipoza hewa katika 240Z nyingi za Marekani kilifungwa na muuzaji, baada ya gari kushuka melini. Rimu nyingi za aloi zinazopendeza macho ziliwekwa vivyo hivyo, maana kiwanda kilipeleka Marekani magari yenye rimu za chuma na vifuniko vyake. Vifaa hivyo vina zaidi ya miaka 50 na vina historia yake, lakini havikutoka kiwandani.

Kuna pia mabadiliko yaliyofanywa kwa nia njema. Toleo la Marekani la mwaka 1973 lilikuja na kabureta za kichwa bapa, zilizosumbua sana wenye magari. Mafundi wengi walizing'oa wakafunga za kichwa cha mviringo za miaka iliyotangulia, na gari likatulia. Aliyefanya hivyo si mwovu. Kosa huanza pale anapouza na kukaa kimya.

Jambo la nne latuhusu sisi watu wa Safari. Magari ya mashindano yaliandaliwa na kiwanda chenyewe kwa ajili ya njia zetu, yakaongezewa taa na kuimarishwa. Kwa gari kama hilo, taa za ziada ndizo asili yake, na anayeziondoa ili lifanane na picha za katalogi anafuta historia. Kwa upande mwingine, wako wanaochukua 240Z ya kawaida wakaipaka rangi nyekundu, boneti nyeusi na namba 11. Wakisema wazi kwamba ni mfano, tutawapongeza. Wakisema ndilo lenyewe, huo ni wizi.

Mwaka 1997 tawi la Nissan la Marekani lilianza kununua 240Z kuukuu, likazikarabati na kuziuza tena kupitia wauzaji wake. Hata hizo, pamoja na kupita mikononi mwa kampuni yenyewe, zinajulikana na kuuzwa kama magari yaliyokarabatiwa. Wameandika hivyo, na hakuna aliyedanganywa.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Uasilia wa gari haupimwi kwa mng'aro. Unapimwa kwa ushahidi unaopatana: namba, tarehe, alama na karatasi. Na ushahidi huo hupotea kirahisi. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa haina njia ya kurudi, na kibao kikishang'olewa ili bati linyooshwe, hata mwenye gari halali hubaki bila shahidi. Mwenye gari la zamani afikiri mara mbili kabla ya kumkabidhi fundi msasa, na kila anachobadilisha akiandike. Spea ya zamani aliyoitoa asiitupe, aifunge, aiweke.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata wewe usiyeota gari la dola laki tatu, unayenunua kijigari cha mtumba cha kukupeleka kazini, funua boneti, soma namba ya chasisi na ya injini, uzilinganishe na kadi ya gari kabla ya kuhesabu fedha. Muuzaji mkweli atakushikia tochi.