Mahali pa Kucheza ni Suala la Haki



Huenda baadhi yenu mlishangaa mlipopata mwaliko wa mazungumzo haya. Tume ya Haki na Amani, mliyozoea kuisikia ikinena juu ya mashamba ya wajane na juu ya mahabusu, leo inataka kusema juu ya michezo ya watoto? Tunakiri kwamba hata sisi tulichelewa kuliona jambo hili. Ni nani kati yetu ambaye hajaweka, au hajaridhia, kibao cha "Usikanyage majani" mbele ya kanisa?

Tuutazame mji wetu wa Tukuyu. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa volkeno wa Mlima Rungwe hauchoki kuotesha migomba, chai na miparachichi. Hata hivyo mtoto wa mjini huchezea ukingoni mwa barabara kuu iendayo Kyela na mpakani mwa Malawi, kati ya malori na bodaboda. Kijani ni kingi, lakini kina wenyewe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja kucheza katika ibara ya 31. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiweka haki hiyo katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Naye nabii Zakaria, katika sura ya 8, anapoueleza mji uliorudiwa na Mungu, anawaona wazee wameketi na watoto wakicheza katika njia zake.

Wazee wa Kinyakyusa walilijua hili kwa namna yao. Zamani wavulana wa miaka kama kumi walitengewa ardhi, wakajijengea vibanda vyao na kulala humo pamoja, huku wakila kwa mama zao. Mtafiti Monica Wilson aliandika habari hizo mwaka 1951. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Hapo hatutaki kuwafuata wazee.

Ugenini pia watu walifika mahali hapohapo. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, mbunifu C. Th. Sørensen aliwafungulia watoto wa Emdrup, Copenhagen, uwanja usio na bembea za dukani. Walipewa mbao, matofali na udongo, wakajenga wenyewe.

Basi hatuhitaji kungojea mfadhili alete vyuma vya rangi, vitakavyoliwa na kutu kwa mvua hii. Tuna mawe meusi ya volkeno ya kurukia. Tuna magogo ya kutembelea, yaliyomenywa maganda na kuchimbiwa imara. Kilima cha udongo kipandwe majani, na mfereji uchimbwe kwanza, maana pasipo mfereji uwanja wote utakuwa tope ifikapo Machi. Chini ya kila cha kupandia pamwagwe maranda ya kutosha. Njia moja iwe tambarare na ngumu, ili mwenye kiti cha magurudumu asibaki mtazamaji.

Kazi hiyo ni nyepesi. Iliyo nzito ni ardhi. Mwaka 1989, huko Nairobi, kulikuwa na mpango wa kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hadi bungeni, lakini hatimaye mpango uliachwa. Bustani ile ilijulikana na wengi. Kiwanja kidogo cha kitongoji chaweza kugeuka vibanda vya biashara bila mtu kupaza sauti, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kilikuwa cha wote.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei waanzie ofisi ya ardhi ya Halmashauri, waulize ni maeneo gani yaliyoachwa wazi katika ramani ya mji. Jambo hilo lipelekwe katika mkutano wa wananchi na liandikwe katika muhtasari. Tuwaite Wamoraviani, Walutheri na ndugu zetu Waislamu tangu siku ya kwanza, wala tusiwaite wakati wa kukata utepe. Watoto nao waulizwe, wasichana kwanza.

Mianzi ya uzio ikatwe wakati wa kiangazi, isije ikaliwa na wadudu.